Kesha la baridi na chupa ya maji: kisa cha Mama Omena wa Kibuye

Hii stori nimekaa nayo karibu miaka miwili bila kuiandika, juu mimi mwenyewe niko ndani na siko upande mzuri. Mwenye stori amenikubalia, akasema andika tu bora jina langu lisionekane, kwa hivyo nitamuita Mama Omena vile wateja wake wanamuita pale Kibuye. Mimi ni mwenyekiti wa homu seli moja hapa Manyatta, Kisumu, watu kama 20 hivi, tunakutana Jumatano jioni kwa nyumba za watu, tunaimba, tunasoma Neno, tunakunywa chai. Kumbuka hiyo homu seli, kwa sababu mtoto wa huyu mama ana sikoseli, ule ugonjwa wa chembe za damu kupinda, na siku moja kijana alituuliza kama seli zetu pia zimepinda, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini hiyo ilikuwa baadaye sana.

Kwa asiyejua Kisumu, soko la Kibuye siku yake kubwa ni Jumapili. Ukiuza omena, wale samaki wadogo wa ziwa, na ukose Jumapili umekosa wiki. Kwa hivyo huyu mama alikuwa anakuja ibada ya kwanza, anakaa karibu na mlango, sadaka ikishapita anainuka polepole anaenda kupanga gorogoro zake, yale makopo ya kupimia. Wazee wengine walikuwa wanamsema kwa hiyo kitu. Ati imani nusu. Mimi sikumsema lakini pia sikuwahi kumtetea.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana, alifariki 2015 akiwa na mwaka mmoja na nusu. Waliambiwa ni malaria na damu kuisha, wakamzika dala, yaani nyumbani kwa ukoo, huko Seme, na hakuna mtu aliuliza zaidi. Wa pili, kijana, alizaliwa 2017. Akiwa na miezi kama 9 mikono na miguu ikafura, vidole vikawa kama mandazi, ukimgusa analia. Jirani mmoja akasema ni baridi, mwingine akasema ni wadudu wamemuuma usiku, wakapaka mafuta, ikaisha, ikarudi. Mara ya tatu daktari mmoja kijana akaagiza damu ipimwe vizuri ndio ikatoka SS, yaani sikoseli yenyewe.

Redioni wanaiita selimundu, na hilo jina kusema ukweli linaeleza ugonjwa kuliko letu. Chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinakuwa ngumu, zinakwama kwa mishipa midogo, na pale damu haipiti panauma ile uchungu mtu mzima anaweza kupiga kichwa ukutani. Alafu hizo chembe zinakufa haraka, ya kawaida inaishi kama siku 120 lakini hii siku 10 mpaka 20, ndio maana mtoto anakosa damu, macho yanakuwa manjano. Vitu vinavyoiamsha vinajulikana: kukosa maji mwilini, baridi, homa na malaria, kuchoka sana, kukosa usingizi. Hiyo orodha uishike, utaona vile sisi watu wa Mungu tuliipitia karibu yote kwa usiku mmoja.

Mama mkwe hakutaka kusikia mambo ya SS. Akasema hii ni chira, kuna mwiko ulivunjwa, na aliyevunja si mtoto wake, ni huyu msichana aliyeletwa. Watoto wawili, mmoja kaburini na mmoja anafura miguu, unataka ushahidi gani tena? Bwana alinyamaza. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzuri tu, lakini alikataa kupimwa kwa miaka miwili, na hiyo miaka miwili bibi yake ndiye aliibeba lawama peke yake. Akikuja kwetu anatafuta pumziko anakuta tunauliza swali lile lile kwa lugha ya kanisa: mama, kuna mlango wowote ulifunguliwa kwa ukoo wenu? Kuna dhambi hamjatubu? Ukiangalia vizuri hakukuwa na tofauti kati ya sisi na mama mkwe, isipokuwa sisi tulikuwa na maikrofoni.

Sasa tufike kesha. Desemba 2023 kuna mhubiri mgeni alikuja kwetu wiki ya maombi. Anajua kuhubiri, siwezi nikamnyima hiyo. Mafundisho yake yalikuwa mambo mawili. La kwanza, usikiri ugonjwa, ukitaja jina lake umeupatia kiti ndani ya nyumba. La pili, dawa ni mlango wa shaka, mwenye imani anaweka dawa chini kwanza ndio Mungu aingie. Mama Omena alikuwa na chupa ya haidroksiurea nyumbani, dawa ya kila siku ambayo ilikuwa inakula faida yake ya siku tatu au nne kila mwezi, na kijana alikuwa amekaa karibu miezi 8 bila kulazwa. Akaiweka juu ya kabati akaacha kumpatia, wiki 3. Alifanya hivyo kwa imani kabisa, hakuwa mjinga, na naomba usimcheke. Ukiwa umezika mtoto mmoja na mtu mwenye Biblia mkononi anakuambia kuna njia ya kumaliza hii kitu mara moja, utajaribu.

Kesha lenyewe lilikuwa huko juu upande wa Nandi Hills. Sisi watu wa ziwa tumezoea joto, hapa Kisumu tuko kama mita 1,130 tu juu ya bahari, huko ni karibu mita 2,000 na usiku wa Desemba anga ikiwa wazi baridi inaingia mifupani hata kwa mzima. Tulikuwa tumefunga kavu, hakuna chakula hakuna maji. Watoto tuliambiwa wafunge nusu siku lakini nani alikuwa anahesabu? Na aliyeandika jina la huyu mama kwa orodha ya basi, aliyemlipia nauli, aliyemwambia mtoto lazima awekewe mikono, ni mimi.

Saa tisa usiku kijana akaanza kulia. Miguu, alafu mgongo, alafu kifua. Alilia ile kilio inapanda. Watu wakasema ni pepo linatoka, wakamzunguka, sauti zikapanda, mmoja akamshika miguu kabisa, ile miguu inauma. Mimi nilikuwa kwa hiyo duara. Nilikuwa nakemea, tena kwa nguvu. Kuna mama mmoja alikuwa amekuja kupika uji wa kufungulia asubuhi, si mtu wa kanisa letu, akapenya katikati yetu na sufuria mkononi akasema kwa hasira, "Huyu mtoto anaumwa na mifupa! Wa dadangu yuko hivi hivi. Mpeni maji, mfunikeni, mtafute gari!" Akavua sweta yake. Hakuna mtu alikuwa amefikiria sweta.

Alilazwa siku 9. Sikoseli ilikuwa imeshuka kifuani, ile hali madaktari wanaogopa sana kwa watoto wa sikoseli, akawekewa oksijeni, dripu, dawa kali ya maumivu, damu akaongezwa.

Hapo sasa ndio kisa kinaanza kwangu, juu mpaka hapo ni stori ya makosa na kama hayo wengi wameyasikia. Kitu nimekuwa nikichambua ni vile huyu mama alitoka hapo akiwa na tumaini zaidi kuliko alivyoingia, na si lile tumaini tulikuwa tunamuuzia.

Mwezi wa kwanza hakuomba kabisa. Aliniambia wazi, alikuwa na hasira na Mungu na zaidi na sisi. Tukienda kumuona anatupatia kiti, anatupatia chai, hatuambii kitu. Muuguzi mmoja alimshauri aachane na makanisa kabisa, na kwa kweli ungetulaumu? Lakini kuna jambo yule muuguzi hakuliona. Hiyo wiki ya wodi watu 7 wa kwaya walienda kutoa damu, wa kwaya hao hao waliokuwa wanakemea. Dada watatu walipeana zamu za kulala pale chini kwa mkeka ili mama aende Kibuye aokoe biashara. Sikoseli ni ugonjwa mrefu, unahitaji watu wa kukaa na wewe miaka, na hapa kwetu mahali watu wanakutana kila wiki bila kulipwa ni kanisani. Kumtoa huko ilikuwa ni kumtoa kwa watu wake. Shida ilikuwa ni maneno yetu, mikono yetu ilikuwa inajua la kufanya kabla ya midomo.

Februari 2024 akarudi ibada ya kwanza. Kwetu kuna muda wa shuhuda na shuhuda zina mtindo wake, nilikuwa mgonjwa, niliombewa, nimepona, makofi. Akasimama. Akasema, "Bwana asifiwe. Mtoto wangu ana sikoseli. Bado ako nayo, na leo asubuhi amekunywa dawa. Msichana wangu aliyelala 2015 naamini pia alikuwa nayo. Mungu ni mwema." Akakaa. Wueh, hiyo kimya. Pasta mwenyewe hakujua aseme Amina au aombe dharura. Tulikuwa tumesikia mtu akikiri ugonjwa kwa madhabahu, na kwa sentensi hiyo hiyo akasema Mungu ni mwema, na vichwa vyetu havikuwa na sanduku la kuweka vitu viwili kama hivyo pamoja.

Nilimuuliza baadaye aliitoa wapi hiyo ujasiri. Akaniambia, "Mwenyekiti, niligundua nilikuwa naogopa kuitaja kuliko vile naogopa ugonjwa wenyewe. Sasa Mungu ambaye anaogopa jina la ugonjwa atanisaidia na nini?"

Hiyo sentensi ilinirudisha kwa Biblia na uso wa aibu. Nilienda Yohana 9, pale wanafunzi wanamuona mtu aliyezaliwa kipofu na swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. Swali la mama mkwe hasa. Na Yesu anakataa yote mawili, si yeye wala wazazi wake. Nimehubiri hiyo sura mara ngapi, na bado nilimuuliza mama wa watu kuhusu milango ya ukoo. Alafu kuna mfalme Hezekia. Alikuwa mgonjwa wa kufa, akalia, Mungu akamuahidi miaka 15 zaidi, ahadi kabisa kupitia kinywa cha nabii, na huyo huyo Isaya akaagiza waletewe tini zilizopondwa waweke kwa jipu. Ahadi imetoka na dawa imewekwa, siku moja, mtu mmoja. Yule mhubiri wetu angekuwa hapo angemwambia mfalme tini ni mlango wa shaka.

Mtu ataniuliza, kwa hivyo huamini miujiza tena? Naamini, na bado tunamwombea kijana apone, kila Jumatano. Lakini wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli mbele ya tanuru walisema Mungu wetu anaweza kutuokoa, alafu wakaongeza maneno ambayo sisi huwa tunayaruka tukihubiri, "bali kama si hivyo". Mama Omena anaishi kwa hayo maneno manne. Ukimsikiliza akiongea huoni mtu aliyekata tamaa, na pia huoni mtu anayejifanya. Kuna siku anaimba akipepeta omena na kuna siku anakwambia leo sina hata nyimbo, leo nimekuja tu. Zote mbili anazileta kanisani. Zamani alikuwa analeta moja na nyingine anaificha ndani ya leso.

Na kutaja jina kulifungua vitu ambavyo maombi yetu ya sauti kubwa hayakuwa yamegusa, hii ndio sehemu inanishangaza mpaka leo. Mfano shuleni. Watoto wa sikoseli figo zao hazishiki maji vizuri, wanakojoa sana, na wengi wanakojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Kijana alikuwa anaitisha ruhusa kila saa, mwalimu anaona ni utundu, anamkatalia, kijana akaamua kuacha kunywa maji ili asiaibike. Yaani mtoto ambaye maji ndio uhai wake alikuwa anajinyima kwa sababu hakuna mtu amewahi kumwambia mwalimu ukweli. Mama aliandika barua ya mistari minne, akataja ugonjwa. Siku hizi kijana ana chupa yake ya lita kwa dawati na anatoka bila kuuliza.

Bwana naye. Baada ya ile siku ya ushuhuda jamaa alikaa wiki mbili bila kusema kitu alafu akaenda akapimwa peke yake, akarudi na karatasi. AS, yaani mbebaji. Bibi pia ni AS. Mbebaji yuko sawa tu, haugui, anaweza kuishi miaka 90 bila kujua, lakini wawili wakikutana kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kutoa mtoto wa SS, kila mimba upya, haijalishi ya kwanza ilikuwaje. Alienda Seme na hiyo karatasi akaisoma mbele ya mama yake. Sikuwepo, nilisimuliwa. Inasemekana mama mzee alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Kwa hivyo hii imetoka pia kwetu?"

Imetoka kwetu sote, nyanya. Kuna mtafiti aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, 1949 alizunguka akipima damu za watu na akashangaa kwamba wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria lakini huko nyanda za juu ni wachache sana. 1954 akaeleza kwa nini: ile AS inamkinga mtoto na malaria kali. Ziwa, maji yaliyotuama, mbu, na vizazi vya watoto ambao walibaki hai kwa sababu walibeba nusu ya hii kitu. Mimi nikisoma hiyo nilikaa kimya kabisa. Kile ukoo uliita laana ni alama ya wale babu na nyanya ambao hawakufa na malaria. Haipunguzi uchungu wa kijana usiku, lakini jaribu kumwambia tena huyo mama ati amevunja mwiko.

Dawa alirudia, na safari hii tulifanya kitu cha maana. Homu seli ikaamua ile pesa tulikuwa tunatumia kwa mabasi ya makesha, sehemu yake iwe ya dawa. Bima ya afya ya serikali, NHIF, ilipoondolewa Oktoba 2024 ikaja SHA, chama cha kina mama kikamlipia mchango wa mwaka, maana kwa mtu wa biashara ndogo kutoa ya mwaka wote kwa mpigo ni kazi hata kama ni kile kiwango cha chini kabisa, shilingi 300 kwa mwezi. Na ile haidroksiurea yenyewe nilisoma habari zake juu nilitaka kujua tulimnyima mtoto kitu gani. Kuna utafiti ulifanywa Kilifi, Mbale hapo ng'ambo ya Malaba, Kongo na Angola, ukachapishwa 2019, ukaonyesha kwa watoto walioitumia maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezwa damu kukapungua, na vifo vikapungua. Bora damu ipimwe mara kwa mara na daktari. Hiyo ndio tulikuwa tumeweka juu ya kabati.

Sitaki uone kama kila kitu kimekaa sawa. Kijana amelazwa mara mbili tangu hapo, mara ya mwisho ni Julai hii, malaria, siku nne. Kuna watu walitoka kanisani kwetu wakisema imani imepoa. Mimi mwenyewe mtu akiniambia ni mgonjwa bado ulimi wangu unakimbilia kusema "usikiri", nauma midomo. Na yule mama wa uji wa Nandi hatujawahi kumpata tena. Sweta yake iko hapa, imefuliwa, imekunjwa, Mama Omena anaiweka kwa mfuko wa kuendea kliniki.

Kuhusu Jumapili, kuna dada wa kwaya anamshikia meza Kibuye mpaka ibada ya kwanza iishe. Dada huyo anapima omena vibaya, anajaza gorogoro mpaka inamwagika, wateja wanampenda sana. Faida inapungua kidogo lakini mama sasa anakaa mpaka baraka.

Wiki mbili zilizopita nilimpitia jioni nyumbani. Alikuwa amekaa kwa stuli pembeni ya neti ya kuanikia omena, na nikaona kitu nikanyamaza, akacheka akasema sema tu umeona. Ako na mimba. Mtoto ni wa Februari. Hawakuipanga, na hesabu ya moja kwa nne wanaijua kuliko mimi. Wameshaongea na kliniki, mtoto atapimwa mapema kabisa, akiwa SS aanzishiwe dawa ya kuzuia maambukizi kabla hajaanza kuugua, kitu ambacho huyu mkubwa hakupata na yule wa kwanza hakupata kabisa. Mama mkwe amesema atakuja kukaa mwezi mzima. Anaogopa? Anaogopa, aliniambia hivyo bila kuulizwa, kuna usiku anaamka saa nane anahesabu.

Nikasema basi tuombe. Akaniangalia.

"Tuombe, mwenyekiti. Lakini uitaje."

Nikaomba, nikaitaja, sikoseli, mara mbili, mbele ya kijana ambaye alikuwa amefungua jicho moja ananichungulia. Sauti yangu haikuwa kubwa. Tulipomaliza kulikuwa kumeanza kuwa na giza upande wa ziwa, ule upepo wa mvua ukaanza, akaniambia nishike ile pembe nyingine ya neti haraka kabla omena hazijalowa.